Kipindi cha Kukaa na Mkwe

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Ruweida,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji Qais na wanao mko wazima, na joto la Maskati halijakuyeyusheni. Ule mguu uliotegua unaendeleaje? Na kikohozi cha Qais kimepungua, au bado anakohoa kama boti inayokataa kuwaka? Mwambie nimemkumbuka, na zile raba alizoniahidi nimezikumbuka zaidi.

Sisi huku alhamdulillahi. Bibi Kijakazi magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote. Baba mzima. Mama mzima wa mwili. Mie nimerefuka, masharubu yameota, na watu wanasema nimefanana na wewe, ila mie nimetoka mzuri.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa karatasi kama watu wa zamani. Kule kwenye kundi la familia kila mtu anasoma, hata Ami wa Fundo ambaye hajawahi kuandika neno ila kutuma kile kidole gumba. Haya ninayokuambia si ya kuwekewa kidole gumba. Bi Mwanapili, jirani yetu, anapanda ndege keshokutwa kuja huko kwa mwanawe, basi nimempa yeye. Na tafadhali, najua wewe ni mwalimu, usinisahihishe kwa wino mwekundu ukanirudishia kama mwaka ule. Skuli niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu, walimu ndio walioniaga kwa masikitiko. Basi kama si masikitiko, waliniaga.

Kazi yangu ya madishi inakwenda vizuri. Kuanzia hapa Madungu mpaka Gombani, ukiona dishi limekaa sawasawa juu ya bati, ujue mkono wa Suhail umepita. Ukiona limepinda, hilo ni la fundi mwengine. Watu wazima wenye mvi wananiita "fundi" mbele za watu, na mie naitika polepole ili wengine wasikie.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Ni ile televisheni uliyotutumia kwa Idd Kubwa. Uliniambia kwenye simu, nakumbuka maneno yako: "Suhail, weye ndiye fundi, watafutie Baba na Mama vipindi vya kukaa na familia, vipo tele." Nikakujibu hiyo ni kazi ndogo. Dada, kazi ndogo ile imenishinda. Na ndugu yetu Samiha, mumewe Turki na mtoto wao Shatha wamehamia Unguja juzi Jumapili, na Mama hakushiba nao.

Najua uliambiwa Turki alikuwa hafiki nyumbani kwa ajili ya shughuli nyingi. Si kweli. Sababu ni mie. Hapa nyumbani hakuna anayelisema, na kule kutosema ndiko kunakoniua. Afadhali wangenitukana nikajua moja.

Unamjua Turki na haya zake. Tangu amuoe Samiha hajapata kumtizama Mama usoni. Akisikia kanga ya Mama inapita ukumbini, anashusha macho hata kama yuko kwenye simu na mtu wa Tanga. Na Mama naye kwa mkwewe ndivyo alivyo, akimpa kikombe anakipitisha kwa Samiha kwanza. Lakini walikuwa wanapendana kwa njia yao hiyo. Kila Ijumaa baada ya sala walikuwa wanatoka Wete, wanakula kwetu, alasiri wanakunywa chai, na Shatha anatambaa kutoka paja hili mpaka lile. Mama Ijumaa yake alikuwa anaianza Alhamisi.

Idd Pili wote tulikuwa ukumbini mbele ya televisheni yako. Mie nimeshafunga kila kitu, waya hauonekani hata mmoja. Nilikuwa nimetiliwa tamthilia kwenye flashi, ya watu wa mbali huko, imetiwa Kiswahili. Mwenye duka aliniapia: "Hii ya familia, yakhe, haina kitu." Sikuitizama kwanza nyumbani, nikaona fundi gani anaonja kazi yake.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Ndugu wawili wanagombania nyumba ya baba yao, na Baba akawa anatoa hukumu kutoka kwenye kiti: "Huyo mkubwa dhalimu, lakini mdogo naye hana adabu." Turki akatikisa kichwa, kakubali. Mama akacheka ndani ya kanga. Mara yule ndugu mdogo akaingia chumbani akamkuta mkewe analia. Akamfuta machozi. Akamsogelea. Mie nikaona kitu kinakuja, kama unavyoiona mvua inatokea Wesha.

"Suhail," Baba akasema, "badilisha."

Nikaikamata rimoti. Sasa, Ruweida, rimoti ile Mama alikuwa amekataa isivuliwe nailoni yake ili isichafuke. Kidole kikateleza juu ya nailoni. Badala ya kubadilisha, nikaisimamisha. Picha ikaganda. Midomo na midomo, haisogei, haendi mtu mbele wala nyuma. Inchi hamsini na tano, dada yangu. Ungetuma ndogo.

Nikabonyeza tena, ikatoka mistari ya sauti. Nikabonyeza tena, yakatoka maandishi ya Kizungu kuniuliza kama nina hakika. Mama alikuwa keshajifunika kanga uso mzima. Turki anatizama mkeka kama anayehesabu ukili. Baba akainuka, akasimama mbele ya televisheni, akatandaza mikono na kanzu yake ili azibe. Lakini Baba siku hizi amekuwa mfupi. Ile midomo ikabaki juu ya kofia yake.

Bibi Kijakazi naye, na macho yake mabovu: "Hao wamekwama? Mbona hawaachani? Mwite ntu awasaidie."

Nikang'oa waya ukutani. Nilivyong'oa kwa hasira, umeme ukakatika nyumba nzima, pangaboi ikazima na friza ikazima, nyumba ikawa kimya na joto. Turki akakohoa kidogo, akasema bila kuinua kichwa: "Samiha, twende zetu, kuna mtu ananingoja Wete." Nani anamngoja mtu Wete siku ya Idd Pili? Wakaondoka. Kaimati alizowafungia Mama zikabaki mezani, na siku ya tatu tukawapa kuku.

Ijumaa iliyofuata hawakuja. Na iliyofuata hawakuja. Samiha akisema kwenye simu kwamba haiwezekani yeye aingie ndani mumewe abaki kwenye gari kama dereva wa kukodi. Na Mama naye, nimwambie nani, alikuwa anaona haya hata kumtaja Turki kwa jina.

Baba akaniita barazani, akatoa hukumu yake. Unamjua, miaka thelathini alikuwa karani wa wilaya, mpaka leo anazungumza kama barua ya serikali. Alisema mkwewe hatokalishwa tena mbele ya lile dude mpaka mie nilete kipindi ambacho mkwe na mama mkwe watakitizama tangu salamu mpaka mwisho, bila ya mmoja wao kutizama mkeka. Kikipatikana, yeye mwenyewe atampigia Turki.

Bibi akauliza suala la maana kuliko sote: "Kwani kuizima hamuwezi?"

Tuliizima. Katikati ya Julai Baba akalegea, akawaita, na Mama akaifunika televisheni kwa kile kitambaa chake cha kudarizi. Ikakaa pale ukutani kama bibi harusi, na kila mtu anajua nini kilikuwa nyuma ya kitambaa. Baba akauliza habari ya mvua ya Wete. Turki akajibu habari ya mvua ya Wete. Baba akauliza tena. Samiha akatoa simu yake, mie nikatoa yangu. Ruweida, hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kumbe sisi hatuna la kuzungumza. Tulikuwa nalo wapi? Au miaka yote ni Shatha aliyekuwa anapiga kelele tukadhani tunazungumza? Chai ikanywewa ya moto moto, ndimi zikaungua, wakaaga. Baada ya hapo hawakuja tena.

Mwanzo wa Agosti ikaja habari kwamba Turki amepata uhamisho, wanakwenda Unguja kabla ya katikati ya Septemba. Mama akanijia uani, mie nachuna waya. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanitizama mikono.

"Suhail mwanangu, weye si fundi?"

"Fundi, Mama."

"Nitafutie kitu. Chochote. Keshaanza kuita bibi yule mtoto. Lakini bibi anayemwita ni yule wa Wete."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemtania. Nikamwambia, "Niachie mie, Mama, Ijumaa hii Turki atakaa hapa mpaka umfukuze." Unanijua mdomo wangu.

Nikaichukua ile orodha ya vipindi uliyonitumia. Nisamehe, lakini aliyeiandika orodha ile hana mkwe. Vya wanyama nilivijaribu peke yangu kwanza, maana sasa nimeshapata akili, na nakuambia wanyama nao hawana adabu. Taarifa ya habari Baba anaipenda, lakini msomaji akitoa salamu Bibi anajitanda ushungi na kumuitikia, halafu zikija picha za vita Mama anaingia jikoni kulia. Nikaona bora nianze na kisichokuwa na lawama kabisa, mashindano ya kusoma Kur-ani.

Baba akapiga simu, wakaja. Na wallahi hakuna aliyetizama mkeka. Lakini Kur-ani ikisomwa unanyamaza na kusikiliza, huo ndio mwendo. Tukakaa saa nzima kama tuko msikitini. Chai ikapoa maana nani ataivuta kwa sauti? Shatha akaanza kupiga makofi, Samiha akamtoa nje haraka, na huko nje ndiko alikokaa mpaka mwisho. Mama akasikiliza kisomo, jicho liko mlangoni. Walipoondoka, Baba akasema, "Tumepata thawabu." Mama akasema, "Amin." Ndiyo Ijumaa yenyewe imekwisha.

Ya pili nikaleta mapishi. Mwanamke mmoja wa Ulaya, kajisitiri vizuri, anapika kuku. Nani atagombana na kuku? Mama akavutiwa, akasogea mbele. Kizungu nikawa natafsiri mie, na nilikuwa nakwenda vizuri, si nilikuambia Kizungu changu hakina tabu. Mara yule mama akachukua chupa akamimina kwenye sufuria.

"Ile nini?" Baba akauliza.

"Siki, Baba. Siki ya zabibu."

Akamimina tena. Halafu akajitilia kidogo kwenye bilauri, akanywa, akafumba macho.

"Mbona anainywa siki?" akauliza Bibi.

"Ya kwao tamu, Bibi."

Wakaisogeza ile chupa karibu, jina lake limejaa kioo kizima. Turki amesoma chuo. Aliweka kikombe chake chini tu, taratibu. Samiha akaninong'oneza, "Suhail, mvinyo huo, umeandikwa hapo, mpumbavu wee." Baba akaelewa kwa ule mnong'ono. Kuku yule hatukumuona akiiva.

Ya tatu nikasema basi, tumfuate Shatha. Nikatia katuni ya karoti zinazoimba. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na Mama akacheka kwa kicheko cha mtoto. Dakika kumi nilijiona waziri. Halafu nikamtizama Baba. Amekaa wima na kanzu yake na kofia ya mkono, pembeni yake Turki na kanzu yake, wanaume wawili wazima wanaimbiwa na karoti. Baba akasema anakwenda msikitini. Alasiri ilishasaliwa, Magharibi bado saa moja na nusu. Turki akasema naye anakwenda. Wakenda kukaa huko kibarazani mwa msikiti mpaka wakati wa kuondoka.

Nilikuwa nimebakiwa na Ijumaa mbili. Nakuambia kweli, nilianza kupita nyumba za watu niliowafungia madishi nikiuliza: nyinyi mnatizama nini pamoja? Wakinitizama kama nimeuliza siri zao. Nyumba moja kila mtu ana simu yake. Nyumba ya pili baba anatizama mpira, wengine wako uani. Nyumba ya tatu, hiyo yenye televisheni mbili, mume na mke hawajakutana tangu Ramadhani. Mie ndiye niliyezifunga zote mbili, na nilijisifu.

Tarehe thelathini Agosti wakaja, mie sina kitu. Nikawa nazungusha chaneli tu, haraka haraka, nailoni nimeshaichana zamani, nikiomba kitu kitokee chenyewe. Ghafla Bibi Kijakazi akapiga ukelele:

"Rejesha! Rejesha hapo! Kafa nani?"

Nikarejesha. Ilikuwa ile saa ya matangazo ya vifo. Picha ya ua, na ile sauti ya pole: fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bi Duni binti Pandu, mzaliwa wa Kojani, kilichotokea leo asubuhi, marehemu ni mama wa fulani, dada wa fulani, habari ziwafikie jamaa wote popote walipo.

"Inna lillahi," tukasema sote kwa pamoja. Hilo ndilo neno la kwanza tulilolisema pamoja tangu Idd.

"Duni yupi?" Bibi akauliza. Kojani ndiko kwao, kila jina la huko anataka alijue. "Wa Pandu Mrefu au Pandu wa Makoa?"

"Wa Pandu Mrefu alishakufa, Mama," Baba akamwambia mama yake.

"Hajafa! Alokufa nduguye!"

Na hapo, Ruweida, Turki akainua kichwa. Akamtizama Mama, nasema akamtizama, akasema: "Mama, huyu si yule aliyekuwa akiuza visheti sokoni Wete, mwenye jicho moja?"

Mama akateremsha kanga mpaka mabegani. "Ndiye! Ndiye huyo huyo! Yarabi, ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu, akanivuta nywele nikalia, watu wakadhani nalilia kwetu!"

Turki akacheka. Nilikuwa sijui meno ya Turki yakoje, nikayaona. Akasema marehemu alimnyonyesha ami yake. Bibi akasema kama ni hivyo basi Turki ana udugu na sisi kwa upande wa Kojani, na akaanza kuupanga, jina kwa jina, na Baba akimsahihisha, na Bibi akimwambia Baba anyamaze yeye alikuwa hajazaliwa. Wakatangazwa wengine watatu. Kila mmoja tulimjua kidogo, mwengine kwa mguu wake mbovu, mwengine kwa ugomvi wa mnazi. Mama akateka chai mara ya pili. Shatha akapanda pajani mwake akalala, mdomo wazi, na Mama mkono umemfa ganzi lakini hakuusogeza.

Yalipokwisha yakaingia mambo ya muziki na viuno, nikazima kabla ya mtu kusema. Turki mlangoni akasema, "Ijumaa ijayo inshaallah, Mama." Baba akanishika bega: "Kipindi hiki kina heshima." Akaandika saa yake kwenye kalenda. Mie nikazunguka Madungu nzima nikitamba kwamba nimepata, nimepata, bila ya kusema nimepata nini. Mama alikuwa anaimba jikoni, sauti ile ya chinichini unayoijua.

Nilipolala ndipo akili ikaniambia. Siku isiyokuwa na maiti hakuna kipindi. Na mie siwezi kuomba dua watu wafe.

Ijumaa iliyopita, tarehe sita, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mama tangu asubuhi yuko motoni: mkate wa kumimina, sambusa, na halua ametafuta ile ya Wete yenyewe, kuwapa watu wa Wete. Walikuja mapema. Saa ilipokaribia sote tukakaa mahali petu pa wiki iliyopita, kila mtu palepale, hata Bibi alitaka mto uleule. Turki alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikawasha.

Ua likatoka. Ile sauti ya pole ikatusalimu, Bibi akaitikia. Halafu ikasema kwamba leo hakuna matangazo ya vifo yaliyopokewa. Ua likaondoka, ukaingia muziki.

Kisiwa kizima, na Unguja pia, watu wote wazima. Ilitakiwa tuseme alhamdulillahi. Hakuna aliyesema. Tulikaa na vikombe mikononi.

Mama yetu, Ruweida, ambaye kuku akitaka kuchinjwa yeye huenda nyumba ya pili asisikie, akasema kwa sauti ndogo:

"Hata mmoja?"

Nilidhani nitacheka, maana mie hucheka kila kitu. Sikuweza. Mama mwenyewe alilisikia lililomtoka, akajiziba mdomo kwa kanga, akasema astaghfirullah, astaghfirullah, sijui mara ngapi. Turki akatizama mkeka. Baba akaangalia kalenda, pale alipoandika saa. Mie nina rimoti mkononi, chaneli mia na ishirini na nne, nimezipanga mwenyewe kwa mikono yangu, sikuwa na ya kubonyeza.

"Zima, mjukuu wangu," Bibi akasema.

Nikazima. Samiha akasema boti ya Jumapili ni ya asubuhi na vyombo havijafungwa. Mama akamvisha Shatha viatu, akamvisha taratibu sana, kimoja akakivua akakivisha tena. Wakenda zao. Mkate hatukuukata.

Sasa utaniambia Unguja si mbali, watakuja. Ndivyo ulivyosema na wewe ulipokuwa unakwenda Maskati, na huu ni mwaka wa sita. Sikulaumu. Naeleza tu hesabu ya Mama inavyokwenda.

Nikuambie la mwisho nisiseme tena. Jumamosi, siku ya pili yake, walitangazwa watano. Mmoja alikuwa wa Wete, jirani wa kina Turki, mzee mwenye visa vyake, mtu ungeweza kumzungumza saa nzima. Mama alikuwa amekaa peke yake ukumbini. Nilimuona kutoka mlangoni. Alisikiliza wote watano mpaka mwisho, hakusema "nilimjua huyu", hakumwita mtu. Jana pia alikaa. Leo pia. Nikimwambia nimtafutie kitu kingine ananiambia, "Tupumzike na hayo, mwanangu."

Basi dada, usinitumie orodha nyengine. Na ukimpigia Mama, nakuomba kwa Mungu, usimuulize kama televisheni inafanya kazi. Inafanya kazi. Niliifunga mie.

Baba anakusalimu na anasema barua ya Qais ya mwezi wa sita hajaijibu ila ameipokea. Bibi Kijakazi anakusalimu na anauliza huko Maskati nani anakutangazieni mkifa. Mama anakusalimu, hajui kama nimeandika haya. Msalimie shemeji, wabusu watoto mashavu kwa niaba yetu, na wafundishe kuita "Bibi wa Pemba", walitamke lote, ili siku moja walitamke mbele ya mwenyewe.

Mola akuhifadhini nyote ugenini, akujaalieni nyumba yenye mazungumzo, na asitutenge zaidi ya hapa tulipotengana.

Ni mie mdogo wako, fundi wa madishi asiyejua kitu, ninayekupenda hata unaponisahihisha,

Suhail Nassor